Mzinga wa Ndani

Lugusha, kaka yangu, anarina asali
tangu ubwabwa haujamtoka shingoni:
pori la Ipole, mizinga ya magome juu ya mitundu,
kienge mkononi, moshi ukitangulia.
Nyuki walimuuma mpaka akaacha kuhesabu.
Aliukwangua mwiba kwa ukucha
huku anaendelea na hadithi yake.

Mimi nilikimbilia Sikonge,
maabara, kwenye vioo na hadubini.

Mwanzo wa Juni, nyuki mmoja.
Mmoja tu, shingoni, chini ya sikio.
Hajafika chini ya mti viganja vinamwasha,
midomo imeumuka kama andazi,
kifua kinapiga mluzi.
Kapela akamfunga mgongoni kwa kamba ya mzinga
asidondoke kwenye pikipiki,
wakaikata ile njia ya mchanga hadi zahanati.
Alifika rangi ya jivu.
Adrenalini pajani, juu ya suruali yenye nta na yote.
Dakika tano. Ya pili.

Kesho yake, kitanda cha dirishani, akaniuliza:
"Sumu ya nyuki mmoja? Mimi?"

Si sumu, Lugusha. Ni walinzi wako.

Njoo uchungulie.
Kipande hiki cha ngozi nimekitia rangi ya buluu.
Ziko seli zilizoikataa buluu, zikawa zambarau,
zambarau ya tunda lile
lililotuponza kwa mashati ya shule.
Vitabu vinaziita seli za masti.
Aliyezipa jina zamani alidhani zimenenepa kwa kula.
Hazikula. Ziliweka akiba:
kila moja kihenge kilichojaa hadi mdomoni,
chembe, chembe, chembe.

Hazizururi na damu.
Zimejenga pale nje inapokutana na ndani:
chini ya ngozi, njia ya pumzi, kuta za utumbo,
ubavuni mwa mishipa.
Mwiba wa mgunga ukikuingia kisiginoni
hizi ndizo za kwanza kujua.
Zinamwaga histamini, mishipa inatanuka,
kuta zinalegea, askari weupe wanapenya
kumkuta mgeni palepale mlangoni.
Ule wekundu, lile joto,
ule uvimbe unaoulaani usiku kucha,
ni kazi inafanyika.
Hata sumu ya nyuki, zina mkasi wa kuikatakata.

Lakini kila ulipoumwa, mwili uliandika.
Ukatengeneza kingamwili za nyuki,
ukazitega juu ya seli hizi
kama mitego ya panya juu ya gunia.
Miaka. Hukusikia kitu.
Juni mitego ikafyatuka yote,
kisiginoni, kooni, tumboni, kote,
vihenge vikapasuka kwa mwizi mmoja.
Mishipa ikalegea mwili mzima,
damu ikakosa pa kusimama.

Unajua mwenyewe: nyuki akishauma
pale huacha harufu ya ndizi mbivu,
na mzinga wote unakujia.
Ndani yako umo mzinga mwingine.
Siku ile ulinukia ndizi.

Ila nyuki akiuma anakufa,
utumbo wake unabaki kwenye mwiba.
Hizi hubaki hai, tupu,
zikaanza upya, bila haraka,
wiki baada ya wiki.

Akanyamaza. Muuguzi akapita na toroli.
"Kwa hiyo wanajaza tena."

Wanajaza tena.

Sasa Kapela ndiye anayepanda.
Lugusha anachuja, anakamua nta,
anagombana na wanunuzi wa Tabora juu ya ndoo,
na sindano yake imo kwenye kopo la kahawa
ambalo watoto wamekatazwa hata kulitazama.

Jana kijiti kilimwingia kidoleni.
Hakukitoa.
Alikaa kizingitini akitazama pembezoni panavyoiva,
akaniita, akanyoosha kidole:
"Hawa hapa."
Alikuwa bado hajaamua
awasalimie au awakimbie.